Ziara ya miguu katika miji ya kale ya Ulaya: ya bakshishi, ya kundi dogo, ya mwongozaji wako mwenyewe, au ya simu?

Mjini Lisbon, katika makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga, kuna monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi kanisani, ya dhahabu, iliyokamilika mwaka 1506. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuwekea Ekaristi, na kitako kimezungushiwa maandishi ya Kireno cha kale yanayosema kuwa Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa. Quíloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa, mwaka uliofuata dhahabu ikafika Lisbon, na sonara Gil Vicente akaifua.

Safari yangu ya kwanza Lisbon niliondoka bila kuiona. Nilikuwa nimejiunga na ziara ya miguu ya saa mbili na nusu, ziara nzuri, mwongozaji hodari. Hakunikosea kitu. Makumbusho yale yako mbali na njia ya ziara za kawaida, na mimi sikuwa nimemwambia mtu kwamba nimetoka pwani ya Tanganyika na kwamba nina jambo langu na mji huu. Tangu siku ile naanza kujiuliza nina swali gani na mji, bei naiangalia baadaye. Mwenye swali la juujuu hana haja ya kulipa euro mia mbili, na mwenye swali zito atajinyima akijificha nyuma ya kundi la watu thelathini.

Nimetembea kwa njia zote nne ninazozilinganisha hapa. Mifano mingi ni ya Lisbon, na mingine ya Berlin, Roma na Venice.

Vigezo vya kupimia

Kila aina nitaipima kwa mambo matano.

Kwanza gharama halisi, yaani fedha zitakazokutoka mfukoni hadi mnaagana, pamoja na tiketi za kuingilia na bakshishi. Pili msimulizi: ni nani, amejifunza wapi, na nani anamlipa. Tatu nafasi ya kuuliza, ambayo kwangu ndiyo kigezo kizito kuliko vyote. Nne miguu na saa, maana Lisbon imejengwa juu ya vilima, na vijiwe vyeupe vya njia zake, Wareno huviita calçada, vikinyeshewa huteleza kama sabuni. Tano kuingia ndani, kwa sababu ziara nyingi za miguu huishia mlangoni. Mwisho wa kila sehemu nitasema inamfaa nani.

Ziara ya bakshishi, inayoitwa ya bure

Unaijua hata kama hujawahi kwenda. Unaweka nafasi kwenye simu bila kulipa, unafika uwanjani asubuhi, unamkuta mtu ameinua mwavuli wa rangi kali, mnatembea, na mwisho kila mmoja anatoa alichonacho.

*Gharama halisi.* Neno "bure" lisikudanganye. Katika kampuni nyingi zinazoendesha ziara hizi, mwongozaji haajiriwi. Yeye ndiye anayeilipa kampuni kiasi fulani kwa kila kichwa alicholetewa. Ile picha ya pamoja mnayopigwa mwanzoni, mkidhani ni ya kumbukumbu, mara nyingi ndiyo hesabu ya vichwa. Kwa hiyo anayechomoka kwenye kona ya mwisho bila kutoa kitu humwachia mwongozaji deni. Watu wengi hutoa kati ya euro 10 na 15 kila mtu. Mwanafunzi akitoa tano kwa moyo mweupe, huo ni ustaarabu. Familia ya watu wanne ikitoa kumi kumi, tayari ni euro 40, na kwa fedha hiyo inafaa kuangalia kwanza kama hakuna ziara ya kulipia yenye punguzo la watoto. Beba noti ndogo ndogo, usitegemee kadi.

*Msimulizi.* Hapa ndipo ziara za bakshishi zinapotamba. Mtu anayekula kwa mdomo wake hawezi kusimulia kivivu. Sijapata kusikia tetemeko la mwaka 1755 likisimuliwa vizuri kuliko nilivyolisikia katika ziara ya aina hii, tumesimama mbele ya magofu ya kanisa la Carmo, ambalo halijarudishiwa paa tangu siku ile. Ilikuwa tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa watu na mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika, watu wakakimbilia mtoni kwenye uwazi, bahari ikaja juu yao, na mishumaa iliyoanguka ikawasha moto uliokula mji. Halafu tukashuka mtaa wa Baixa kuona jinsi Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, alivyoujenga upya mji kwa barabara zilizonyooka, na majumba yenye mifupa ya mbao ndani ya kuta ili yasianguke tena. Nilisahau kama miguu inaniuma.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba msimulizi anayesubiri bakshishi huchagua yale yanayochekesha na kusisimua. Mambo yanayouma huyapita haraka. Sehemu ya utumwa huwa sentensi moja, na Afrika ya Mashariki huwa ni mahali ambapo meli zilisimama kuchukua maji.

*Nafasi ya kuuliza.* Ndogo. Kundi letu lilikuwa na watu kama thelathini na watano. Tulipofika Praça do Comércio, mbele ya mto Tagus, nilimuuliza yule dada aliyetuongoza kuhusu Kilwa. Aliniambia kwa upole tutaongea mwishoni. Mwishoni kulikuwa na foleni ya watu wenye noti mikononi, nami nikapata dakika mbili, moja wapo ya kumshukuru.

*Miguu na saa.* Saa mbili hadi tatu, mwendo wa kundi. Ukichelewa wanaondoka. Uzuri wake ni kwamba ukichoka au mambo hayakupendezi unaweza kuaga katikati, ukiacha chochote, na hakuna aliyeumia.

*Kuingia ndani.* Karibu hakuna. Utaambiwa historia ya kanisa ukiwa umesimama juani.

*Inamfaa* mgeni wa siku ya kwanza anayetaka kuujua mji umekaaje, mwanafunzi, mtu aliyesafiri peke yake anayetaka kukutana na wengine, na yeyote ambaye maswali yake bado hajayajua.

Kundi dogo la kulipia

*Gharama halisi.* Kwa ziara ya saa mbili au tatu bila tiketi za kuingilia, bei za kawaida ni euro 20 hadi 40 kwa mtu. Tiketi ikiwemo, bei hupanda sana, na hapo soma kwa makini. Mjini Roma, tiketi za Colosseum zina jina la mtu na saa ya kuingia, kwa hiyo jina ulilojaza lifanane na la pasipoti na pasipoti yenyewe uwe nayo. Angalia pia masharti ya kufuta. Mimi niliwahi kupokea ujumbe saa mbili usiku kwamba ziara ya kesho yake asubuhi haipo kwa sababu watu hawakutimia. Fedha nilirudishiwa, lakini siku yangu ya mwisho katika mji ule haikurudi. Siku hizi nauliza mapema: mnahitaji watu wangapi ndipo muondoke?

Uliza pia "dogo" ni wangapi. Wengine husema dogo wakimaanisha wanane, wengine ishirini. Baadhi ya miji imechoka na misafara na ikaweka sheria: Venice tangu mwaka 2024 kundi halitakiwi kuzidi watu 25 na vipaza sauti vimepigwa marufuku, na katikati ya Amsterdam kikomo ni 15. Kwangu mimi, zaidi ya kumi na wawili si dogo tena.

*Msimulizi.* Inategemea nchi. Italia humtaka mwongozaji awe na leseni, na kuipata kuna mtihani. Ujerumani mtu yeyote anaweza kuinua mwavuli akaanza kusimulia. Leseni haimfanyi mtu awe mtamu wa maneno, ila inakuhakikishia kwamba amesoma. Mahali pasipo na leseni, soma maelezo ya mwongozaji mwenyewe, uachane na nyota za kampuni. Anayeandika "nimesoma historia ya bandari hii" anakwambia kitu. Anayeandika "njoo tufurahi pamoja" naye pia anakwambia kitu.

*Nafasi ya kuuliza.* Hapa ndipo aina hii inapopata uzito, hasa zile za mada maalumu, na nitakaa hapa kidogo.

Lisbon kuna chama kinachoitwa Batoto Yetu Portugal. Ndiyo, umesoma sawa, ni Kiswahili cha Kongo. Chama hicho huandaa matembezi ya kuonyesha mahali Waafrika walipoishi na kufanya kazi Lisbon kwa karne nyingi, na kimeweka vibao vya maelezo katika mitaa hiyo. Ziara ya bakshishi hupita uwanja wa São Domingos kwa dakika tano. Ziara ya mada hii inatulia pale. Kanisa la São Domingos liliungua mwaka 1959, na ndani nguzo zake bado zimepasuka, zimeliwa na moto, hazikupakwa chokaa kuficha. Uwanjani kuna jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa na kisha wakauawa katika ghasia za mwaka 1506. Humo humo kanisani ndimo kulikuwa na udugu wa Wakristo weusi wa Lisbon, na hata leo Waafrika, wengi wao wa Guinea-Bissau, hukutana uwanjani hapo kuuziana karanga na kupeana habari za nyumbani. Mwaka 1506 ndio mwaka ule ule ilipokamilika monstransi ya dhahabu ya Kilwa. Mwongozaji wa mada akiambiwa hivyo anasimama, anafikiri, na kundi zima linaanza kuzungumza.

Mtaa wa Poço dos Negros uko magharibi kidogo. Jina lake ni "shimo la weusi", kwa sababu mwaka 1515 Mfalme Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa bila kuzikwa. Mfalme ni yule yule wa monstransi. Ukiupita mtaa huo peke yako utaona mikahawa tu.

Berlin ni hivyo hivyo. Ziara nyingi za kawaida husimama kwenye maegesho ya magari yaliyo juu ya handaki alimofia Hitler. Kutoka hapo, kwa mwendo wa dakika chache tu katika Wilhelmstraße, ndipo lilipokuwa jumba walimokutana wajumbe wa mataifa ya Ulaya na wenzao kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 wakakubaliana masharti ya kujitwalia Afrika. Hakuna Mwafrika aliyealikwa mezani. Kuna kibao cha maelezo, na ziara za kawaida mara nyingi hazifiki. Ziara za historia ya ukoloni hufika hapo, na huenda hadi kitongoji cha Wedding, kwenye mtaa uliopewa jina la mkoloni Carl Peters mwaka 1939, ambao tangu mwaka 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Mnyaka Sururu Mboro, mzaliwa wa Moshi, ameongoza matembezi ya namna hii kwa miaka mingi. Katika Brunnenstraße kuna kijiwe cha shaba kilichopachikwa chini njiani chenye jina la Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akafundisha Kiswahili Berlin, akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Ukubwa wake ni kiganja cha mkono. Bila mtu wa kukuonyesha, utakikanyaga.

*Miguu na saa.* Mwendo wa kundi, lakini watu wanane husubiriana. Ziara za mada hazifanyiki kila siku, nyingine ni mara moja kwa wiki au kwa kuombwa, kwa hiyo panga safari ukizizingatia.

*Kuingia ndani.* Mara nyingi ndiyo, ikiwa imeandikwa. Isipoandikwa, hesabu kuwa hapana. Mahali penye watu wengi kama Colosseum mtapewa visikilizio vya kuvaa masikioni, na vinasaidia kweli, hasa kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza na hataki neno lipotee kwenye makelele.

*Inamfaa* mwenye swali mahususi na bajeti ya wastani, wapenzi wa historia, na anayetaka kuingia ndani bila kuhangaika na tiketi.

Mwongozaji wako mwenyewe

*Gharama halisi.* Nusu siku ni kawaida kukutana na bei ya euro 150 hadi 300, na katika miji ghali zaidi ya hapo. Ni bei ya kundi lenu lote, si ya kichwa. Mkiwa sita, mgao wake unakaribiana na ule wa kundi dogo. Mkiwa wawili ni fedha nyingi na sitakwambia vinginevyo. Tiketi zenu ni juu yenu, na katika baadhi ya makumbusho ya mwongozaji pia.

*Msimulizi.* Mmoja, umemchagua, na ametayarisha kwa ajili yenu. Kumpata anayezungumza Kiswahili si rahisi, usidhani utabonyeza tu. Njia inayofanya kazi ni kuuliza watu wetu wanaoishi mji huo, wanafunzi, watu wa misikiti na parokia, vyama vya Watanzania na Wakenya. Nchi zenye leseni kama Italia, ndugu yako hawezi kuongoza kwa malipo bila leseni. Anachoweza ni kutembea nanyi akitafsiri pembeni, wakati mwenye leseni anasimulia. Tafsiri hula muda, kwa hiyo punguzeni vituo.

*Nafasi ya kuuliza.* Yote ni yako, na usiisubiri siku yenyewe. Nilipompeleka mama Lisbon, nilimwandikia mwongozaji wiki mbili kabla mistari mitatu: mama ana miaka zaidi ya sabini na goti moja linamsumbua, ni Mkatoliki, na tunataka kuiona dhahabu ya Kilwa. Akajibu kwa mpango mpya kabisa. Tukaanzia kwenye makumbusho yanapofunguliwa, kabla ya makundi.

Mama alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Aliwahesabu mitume mmoja mmoja kwa kidole bila kugusa. Akafanya ishara ya msalaba, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, watu wa Kilwa wenyewe wamewahi kuiona?" Mwongozaji akaniomba nimtafsirie. Nikatafsiri. Alikaa kimya, akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Kisha akatueleza mfalme alivyoirithisha kwa watawa wa Jerónimos, kule Belém, na tukabadilisha njia ya mchana ili mama apaone hapo ilipokaa kwa karne nyingi. Kundi la watu thelathini haliwezi kubadilishiwa njia kwa swali la bibi mmoja.

*Miguu na saa.* Ni zenu. Kupanda kwenda Castelo de São Jorge, ngome iliyo juu ya kilima, kulikuwa kunanitia hofu kwa goti lile. Mwongozaji alitupitisha kwenye lifti mbili za umma, ya kwanza ikianzia Rua dos Fanqueiros, za bure, ambazo mimi niliyetembea mji ule mara mbili sikuwa nazijua. Tulikunywa kahawa mama alipotaka. Wakati wa sala tuliingia kanisani, na mtu wa msikitini angepangiwa vivyo hivyo.

*Kuingia ndani.* Mnavyotaka, ila nafasi za mwongozaji na tiketi za saa maalumu zishughulikiwe mapema.

*Inamfaa* familia yenye wazee au watoto wadogo, kikundi cha marafiki watano au sita, mtu mwenye tatizo la kutembea, na mwenye swali ambalo halijibiki barabarani.

Sauti kwenye simu

*Gharama halisi.* Kuanzia bure hadi kama euro 10. Ongeza bando. Pakua kila kitu kwenye intaneti ya mahali ulipolala, na beba chaja ya kubebeka.

*Msimulizi.* Amerekodiwa. Anaweza kuwa mtaalamu kuliko wote niliowataja, kwa sababu aliandika, akasahihishwa, akasoma upya. Lakini rekodi huzeeka. Mjini Berlin, Neukölln, kulikuwa na mtaa wa Wissmann, yule Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri wa Pangani. Tangu mwaka 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu wa Moshi. Rekodi ya kabla ya hapo itakutafutisha mtaa usiokuwepo. Kabla ya kulipa, angalia ilisahihishwa lini.

*Nafasi ya kuuliza.* Hakuna. Unaweza kuandika swali lako na kulitafutia jibu jioni, na hilo si jambo dogo kwa anayependa kusoma.

*Miguu na saa.* Uhuru mtupu. Unasimama, unarudisha nyuma, unakaa kibarazani nusu saa. Nakumbuka kutembea Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, hivyo, polepole, nikisoma maneno ukutani: igreja, yaani kanisa, ambalo ndilo lililotuachia gereza, kisha bandeira, mesa, vinho. Dirishani mwa duka palikuwa pameandikwa lenço, na ndani zimekunjwa leso. Hakuna mwongozaji aliyenionyesha hayo, na nadhani nikiwa na kundi nisingeyaona.

Mambo mawili ya tahadhari. Katika vichochoro vya Alfama ramani ya simu huchanganyikiwa, jipe muda wa kupotea. Na sikio moja liwe wazi: mtu aliyezama kwenye rekodi, simu mkononi, ni chakula cha wezi wa mifukoni, hasa ndani na karibu na tramu namba 28.

*Kuingia ndani.* Kwa tiketi yako, kwa foleni yako. Baadhi ya makumbusho yana rekodi zao, uliza mlangoni.

*Inamfaa* anayerudi mji huo mara ya pili, mwenye mtoto mgongoni asiyejua atalala saa ngapi, mtu asiyependa makundi, na mwenye ratiba inayobadilika.

Kwa hali yako

Umekuja kwa mkutano na una alasiri moja tu. Chukua ya bakshishi iliyo karibu na hoteli. Ziko kila siku, hazihitaji maandalizi, na ukiitwa kazini unaaga.

Wewe ni mwanafunzi na utakaa mwaka mzima. Anza na ya bakshishi wiki ya kwanza, tumia simu wikendi, na weka akiba ya ziara moja ya mada utakapokuwa umeshaujua mji. Utauliza maswali bora mwezi wa tano kuliko siku ya tano.

Umemleta mama, baba, au mkwe kutoka nyumbani kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho. Changishaneni ndugu mlipe mwongozaji wenu. Kama fedha haitoshi, bora ziara ya binafsi ya saa mbili kuliko ya kundi ya saa nne, mzee akikimbizana na mwavuli.

Unakwenda Roma na unachotaka ni Colosseum. Hapa ya bakshishi haitakusaidia, itakuacha nje. Kundi dogo lenye tiketi ndani ya bei, mwongozaji mwenye leseni, visikilizio. Mwenye fedha kidogo anunue tiketi yake mapema na atumie simu.

Mko marafiki sita. Pigeni hesabu kabla hamjabonyeza chochote: kundi dogo la euro 35 kwa kila mmoja ni 210, na kwa 210 mnaweza kupata mtu wenu peke yenu.

Una swali kama langu, la Kilwa, la Maji Maji, la babu aliyekuwa askari wa Mjerumani. Tafuta ya mada. Usipoipata kwa tarehe zako, mwandikie mwongozaji binafsi swali lenyewe, kwa maneno yako, na usome anavyojibu. Akijibu kwa bei tu, endelea kutafuta. Akijibu kwa swali lingine, huyo ndiye.

Kwa aina yoyote, uliza mambo haya kabla ya kulipa: kundi halizidi wangapi, tunaingia wapi na tiketi nani analipa, kuna vilima na ngazi kiasi gani, choo kiko kituo cha ngapi, na mvua ikinyesha inakuwaje. La choo watu huona aibu kuliuliza. Mwenye mzee au mtoto asione aibu.

Na ukiwa Lisbon kwa ajili ya ile dhahabu, usiipange Jumatatu, makumbusho hufungwa. Piga simu au andika siku chache kabla uhakikishe ukumbi wake uko wazi, kisha nenda asubuhi.